Ruzuku ya Wakfu kwa Msanii Chipukizi: Mwongozo Kamili Kutoka Karakana Hadi Ukuta wa Maonyesho

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wachoraji na wachongaji vijana kuyapitia maombi yao ya ruzuku, wakati mwingine kabla hayajatumwa, na mara nyingi zaidi baada ya kukataliwa. Linalonisikitisha ni kwamba kazi nyingi kati ya hizo zilikuwa nzuri. Zilikwama kwa sababu ombi lilieleza jinsi msanii anavyohitaji fedha, ilhali wakfu, yaani taasisi inayotoa ruzuku hiyo, ulikuwa umeuliza ni kazi gani itakayofanyika, itafanyika vipi, na kwa nini inaangukia ndani ya lengo la wakfu huo.

Mwongozo huu ni wa msanii wa sanaa za kuonekana kwa macho, yaani uchoraji, uchongaji, uchapaji na kazi za aina hiyo, anayeishi Afrika Mashariki na anayetaka kuomba ruzuku kwa wakfu binafsi wa ndani au wa nje. Fuata hatua kwa mpangilio uliopo, kwa kuwa kosa la hatua ya kwanza haliwezi kurekebishwa na uzuri wa hatua zinazofuata.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usifungue fomu yoyote kabla hujakusanya vitu vifuatavyo:

- Kazi zilizokamilika zisizopungua 15, ulizozifanya ndani ya miaka miwili au mitatu iliyopita.
- Daftari la kazi, ambamo kila kazi ina kichwa chake, mwaka, malighafi, vipimo kwa sentimita, na mahali ilipo sasa.
- Wasifu wa kurasa moja au mbili unaohusu sanaa peke yake.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti, na akaunti ya benki yenye jina lile lile, herufi kwa herufi.
- Msimbo wa SWIFT wa benki yako, yaani alama inayoitambulisha benki katika malipo ya kimataifa, pamoja na uthibitisho wa benki kwamba akaunti hiyo inaweza kupokea fedha kutoka nje.
- Kwa walio Tanzania, usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA.
- Bei za vifaa zilizoandikwa na maduka yenyewe, ziwe za profoma, yaani ankara ya bei inayotolewa kabla ya kununua, au orodha yenye muhuri.
- Majina ya watu wawili wanaoifahamu kazi yako na waliokubali kuulizwa.
- Anwani ya barua pepe unayoifungua kila siku.

Kipengele cha jina la akaunti ya benki huonekana kidogo, lakini ndicho huchelewesha fedha za watu wengi. Msanii anayejulikana mtaani kwa jina la kisanii hujaza fomu kwa jina hilo, kisha benki inazirudisha fedha kwa sababu akaunti ina jina la kuzaliwa. Jina la kisanii liandike katika wasifu na kwenye lebo za kazi. Sehemu zote za kisheria za fomu ziwe na jina la kitambulisho.

## Hatua ya 1: Chagua wakfu unaolingana na kazi unayofanya

Hapa ndipo maombi mengi hufia. Msanii hupata orodha ya wakfu kumi kutoka kwa rafiki, akaandika ombi moja, akalituma kote. Kila wakfu, hata hivyo, una hati inayouongoza, na wasimamizi wake hawana ruhusa ya kutoa fedha nje ya hati hiyo, hata kama wameipenda kazi.

Tazama mifano mitatu. Elizabeth Greenshields Foundation ya Montreal, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1955, huwasaidia wasanii walio mwanzoni mwa safari yao ambao wanachora, wanachonga au wanachapa vitu vinavyotambulika: watu, wanyama, mandhari. Inapokea maombi kutoka nchi yoyote. Mchoraji wa michoro dhahania isiyo na umbo linalotambulika hawezi kupata fedha hapo, na mpiga picha vilevile. Mtu anayechora nyuso za wavuvi wa Bagamoyo au ng'ombe wa Ankole, kwa upande mwingine, yuko ndani ya lengo.

Pollock-Krasner Foundation ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1985 kwa mali aliyoiacha mchoraji Lee Krasner, nayo inapokea maombi kutoka duniani kote, lakini inapima mambo mawili kwa pamoja, yaani ubora wa kazi na uhitaji wa kifedha unaoweza kuthibitishwa. Inataka msanii ambaye tayari anaonyesha kazi zake katika kumbi za kitaaluma. Haitoi fedha kwa wanafunzi wa masomo ya sanaa, wala hailipi madeni ya zamani. Ikiwa hujawahi kuonyesha kazi yako popote, wakfu huu usubiri. Jenga kwanza rekodi ya maonyesho nyumbani.

Prince Claus Fund ya Amsterdam ina tuzo ya Seed, iliyoanza mwaka 2021, ambayo ilianzishwa kwa kuwapa wasanii chipukizi 100 kwa mwaka euro 5,000 kila mmoja, na mpokeaji huamua mwenyewe atazitumiaje. Hapo swali linalopimwa ni jinsi kazi yako inavyoyagusa masuala ya jamii unamoishi. Mchoro mzuri wa machweo ya bahari usio na jambo la kusema hautafika mbali.

Kuna pia wakfu zisizompa msanii mmoja mmoja fedha moja kwa moja, bali huzipa taasisi za sanaa ambazo nazo huwapa wasanii karakana, mafunzo na ukumbi. Wakfu wa Ford, wenye ofisi Nairobi, kwa kawaida hufanya kazi na asasi. Kwa hiyo mlango wako wa kwanza unaweza kuwa Nafasi Art Space, Mikocheni, Dar es Salaam, iliyopo tangu 2008 na yenye karakana zilizojengwa kwa makontena. Unaweza pia kuwa GoDown Arts Centre ya Nairobi, au 32° East ya Kampala. Ninawashauri wasanii walio chini ya miaka mitatu ya kazi waanzie huko, kwa sababu miezi sita ndani ya karakana yenye wenzako humpa msanii rekodi, picha, na watu wa kumthibitisha, na hivyo ndivyo vitu ambavyo wakfu za nje zitaviuliza baadaye.

Kwa kila wakfu unaoufikiria, andika kwenye karatasi majibu ya maswali matano: Unasaidia aina gani ya kazi? Unamsaidia nani, kwa umri, nchi na kiwango cha uzoefu? Fedha zake zinaruhusiwa kulipia nini, na haziruhusiwi kulipia nini? Mwisho wa kupokea maombi ni lini, au yanapokelewa mwaka mzima? Ni akina nani waliopewa mwaka uliopita? Swali la mwisho lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zitazame kazi za waliopewa, kumi au ishirini, kwa makini. Utaona kiwango kinachotakiwa, na utaona kama kazi yako ingekaa ukuta mmoja na zao bila kuonekana imepotea njia.

Hatua hii imekamilika pale unapobakiwa na wakfu mbili au tatu tu, na unaweza kumweleza ndugu yako asiyejua sanaa, kwa sentensi moja, kwa nini kila mmoja kati ya hizo ungetaka kuisaidia kazi yako.

## Hatua ya 2: Piga picha za kazi upya

Jopo la wakfu linalochagua maombi halitauona mchoro wako. Litaona picha yake kwenye kioo cha kompyuta, katikati ya mamia ya picha nyingine, kwa sekunde chache. Picha iliyopigwa usiku chini ya taa ya njano, yenye kivuli cha mpigaji na kona ya kitanda, inalifanya jopo liamini kwamba msanii haijali kazi yake. Hilo si kweli kuhusu msanii, lakini jopo halina njia nyingine ya kujua.

Huhitaji kamera ya gharama. Simu nzuri inatosha ukifuata utaratibu huu. Tundika mchoro nje, kibarazani au kwenye ukuta wenye kivuli, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, ambapo mwanga ni mwingi lakini jua haligusi mchoro moja kwa moja. Weka simu kwenye kigoda au stendi, na lenzi iwe kwenye kimo cha katikati ya mchoro. Rudi nyuma hatua kadhaa na ukuze picha kwa lenzi ya mbali ikiwa simu yako inayo, kwa sababu lenzi pana ikisogezwa karibu huzipinda kingo za mchoro zikaonekana kama tumbo la mtumbwi. Zima mwanga wa flashi. Wanaotumia rangi za enameli kwenye hadibodi, yaani ubao mwembamba mgumu, kama wachoraji wa Tingatinga, wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa rangi hiyo hung'aa. Inamisha mchoro mbele kidogo, kisha inamisha na simu kwa kiasi kile kile, mpaka mng'ao uondoke.

Kata picha mpaka kwenye kingo za mchoro wenyewe. Ukuta usionekane, wala fremu ya duka.

Kwa kazi ya kuchonga, tandika kitambaa cha rangi moja nyuma na chini, cheupe au kijivu, na upige pande tatu pamoja na picha moja ya karibu inayoonyesha alama za patasi. Weka pia picha moja yenye kitu kinachojulikana ukubwa wake, au mtu aliyesimama kando, ili jopo lisidhani kinyago cha mita mbili ni cha kuweka mezani.

Ili kujua kama umefaulu, weka simu kando ya mchoro na ulinganishe. Ikiwa bluu ya kwenye kioo ni bluu ya kwenye kanvasi, na kingo nne zimenyooka sambamba na kingo za kioo, umemaliza. Ikiwa sivyo, rudia kesho asubuhi. Usijaribu kurekebisha rangi kwa programu mpaka kazi ikapendeza kuliko ilivyo, kwa sababu siku ya maonyesho tofauti itaonekana mbele ya watu walewale waliokupa fedha.

## Hatua ya 3: Panga jalada la kazi

Wakfu nyingi huomba picha kumi hivi. Wasanii wengi huleta kumi zinazoonekana kama za wasanii kumi tofauti: ua, simba, Yesu, soko, mchoro dhahania, picha ya rais. Nia ni kuonyesha uwezo mpana, lakini jopo linasoma kinyume chake, kwamba msanii bado hajajua anachokitafuta.

Chagua kazi zinazozungumza pamoja. Zitandaze sakafuni zote, uite watu wawili unaowaamini, na uwaombe waondoe moja baada ya nyingine huku wakikueleza sababu. Kazi ulizozipigania kwa sababu ulihangaika nazo sana ndizo mara nyingi huondolewa kwanza, nayo huwa ni haki. Inayoshinda zote iwe ya kwanza, na ya pili kwa nguvu iwe ya mwisho.

Yape mafaili majina yanayosomeka, kwa mfano nambari, jina lako, kichwa cha kazi na mwaka. Katika orodha ya kazi, taja kimo kwanza kisha upana, kwa sentimita. Mchoro wa 120 × 90 umesimama, na wa 90 × 120 umelala, na jopo likiona picha imelala wakati vipimo vinasema imesimama, litaanza kutilia shaka na mambo mengine.

## Hatua ya 4: Andika maelezo ya msanii, kwanza kwa Kiswahili

Fomu nyingi zinataka Kiingereza au Kifaransa, na hapo wasanii hukimbilia maneno makubwa waliyoyaona kwa wengine. Matokeo yake ni aya ambazo zingeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu kazi yoyote.

Nimeona mara nyingi kwamba msanii akiulizwa kwa Kiswahili, karakanani, "Hapa umefanya nini, na kwa nini?", hutoa jibu lililo hai na lenye undani. Basi anza hapo. Mwombe mtu akuulize, urekodi majibu kwa simu, kisha uyaandike kama ulivyoyasema. Punguza mpaka yabaki maneno 150 hadi 250. Halafu ndipo utafute wa kutafsiri, na awe mtu aliyeziona kazi zako kwa macho yake, kwa sababu mtafsiri asiyeijua kazi hujaza mapengo kwa maneno ya jumla.

Linganisha mifano hii miwili. Wa kwanza: "Mimi ni msanii mwenye kipaji nilichozaliwa nacho na sanaa yangu inaelimisha jamii." Wa pili: "Ninachora akina mama wanaokaanga samaki katika soko la Feri, Dar es Salaam. Ninatumia masizi ya majiko yao yaliyochanganywa na rangi ya akriliki, kwa hiyo weusi unaouona kwenye kanvasi umetoka kwenye moto uleule wanaousimamia." Mfano wa pili unataja watu, mahali, malighafi na sababu, na jopo linaweza kuuona mchoro hata kabla ya kufungua picha.

Usieleze maisha magumu ya utotoni isipokuwa yanaonekana ndani ya kazi. Umaskini si sifa ya kisanaa, na msanii anastahili kusomwa kwa kazi yake. Pale ambapo wakfu unauliza kuhusu uhitaji wa kifedha, kuna sehemu yake maalumu. Jibu huko, kwa takwimu.

## Hatua ya 5: Eleza mradi na utengeneze bajeti

Mradi ni jambo lenye mwanzo, mwisho na idadi. "Nataka kuendeleza sanaa yangu" si mradi. "Nitachora kanvasi 12 za sentimita 120 × 90 kuhusu wakaangaji wa Feri, kuanzia Machi hadi Agosti, kisha nizionyeshe kwa wiki mbili" ni mradi.

Bajeti ndiyo sehemu ambayo wasanii huiogopa, nami ningependa waizoee, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kama umewahi kuifikiria kazi yako mpaka mwisho. Kila mstari wa bajeti uwe unatokana na sentensi fulani katika maelezo ya mradi, na kila sentensi yenye gharama iwe na mstari wake. Ukisema utaonyesha kazi lakini hakuna mstari wa usafiri wa kazi, jopo litajua hujawahi kubeba kanvasi 12 kutoka Mbagala hadi Mikocheni.

Huu hapa ni mfano wa mpangilio. Bei ni za kuonyesha njia tu, na zako utazitoa madukani.

- Kanvasi na fremu za ndani, 12 kwa shilingi 85,000: 1,020,000
- Rangi, brashi na vanishi: 1,400,000
- Pango la karakana, miezi 6 kwa 200,000: 1,200,000
- Posho ya msanii, miezi 6 kwa 500,000: 3,000,000
- Mpiga picha wa kazi zote, siku moja: 300,000
- Usafiri wa kazi kwenda ukumbini na kurudi: 240,000
- Lebo, katalogi ndogo na taa za ziada: 840,000
- Dharura, asilimia 5 ya 8,000,000: 400,000
- Makato ya benki: 100,000

Jumla ni shilingi 8,500,000.

Mambo matatu katika mfano huu yanahitaji maelezo. La kwanza ni posho ya msanii. Wengi huiacha kwa haya, wakidhani wakfu utawaona wana tamaa. Wakfu unaojua kazi yake unaelewa kwamba msanii anakula na analipa nauli katika miezi hiyo sita, na bajeti isiyo na posho huzua swali la jinsi utakavyomaliza mradi. Iandike waziwazi, isipokuwa masharti yanaikataza. La pili ni makato ya benki. Fedha za kutoka nje hupita katika benki moja au mbili kabla ya kufika kwako, na kila moja hukata chake. La tatu ni thamani ya fedha. Ikiwa ombi linatakiwa kuandikwa kwa dola au euro, taja kiwango cha Benki Kuu ulichotumia na tarehe yake, na hapo mtu yeyote ataweza kuihakiki hesabu yako.

Onyo: usipandishe bei kwa matarajio kwamba watapunguza. Wajumbe wa majopo mara nyingi ni wasanii na wasimamizi wa kumbi, wanaijua bei ya rangi, na mstari mmoja uliovimba unatia doa mistari mingine yote.

Mpe bajeti mtu mwenye duka au mhasibu, bila kumpa maelezo ya mradi. Akiweza kukueleza, kwa kuisoma bajeti peke yake, ni nini unachotaka kufanya, bajeti yako imekamilika.

## Hatua ya 6: Waandae watu watakaokuthibitisha

Mtu bora ni yule aliyeitazama kazi yako ikikua: mwalimu, msimamizi wa karakana, msanii mkubwa uliyefanya naye kazi. Barua ya mheshimiwa asiyeijua kazi yako haina uzito, hata ikiwa na muhuri. Wape wiki tatu, uwatumie picha na maelezo ya mradi, na uwakumbushe kwa adabu wiki moja kabla ya tarehe.

## Hatua ya 7: Tuma mapema

Tuma siku nne au tano kabla ya mwisho. Tovuti huelemewa siku ya mwisho, umeme hukatika, na saa ya mwisho inayotajwa huenda ni ya Amsterdam au New York. Hifadhi nakala ya kila ulichotuma na ujumbe wa kuthibitisha mapokezi. Usipoupata ujumbe huo ndani ya siku mbili, waandikie kuuliza.

## Hatua ya 8: Majibu, mkataba na matapeli

Ukikataliwa, jibu kwa shukrani na uulize kama wanatoa maoni na kama unaruhusiwa kuomba tena. Wengi hawatatoa maoni kwa sababu ya wingi wa maombi. Fungua faili lako baada ya mwezi mmoja, hasira ikiwa imepoa, na uyapime majibu ya yale maswali matano ya hatua ya kwanza. Kwa uzoefu wangu tatizo huonekana huko kabla ya kuonekana kwenye kazi.

Ukikubaliwa, soma mkataba wote kabla ya kusaini. Angalia fedha zitakuja kwa awamu ngapi, ripoti ni ya lini, na kama wakfu unadai kazi yoyote au haki ya kutumia picha zake. Kutumia picha katika ripoti na matangazo yao ni jambo la kawaida. Kuhamisha hakimiliki yote ni jambo jingine kabisa, nalo linahitaji ushauri wa mwanasheria. Hapa Tanzania hakimiliki inalindwa kwa sheria ya mwaka 1999, na kuuza au kutoa mchoro hakumaanishi kwamba umetoa hakimiliki yake.

Sasa onyo ambalo naomba lisomwe mara mbili. Ruzuku halali haimtaki mpokeaji alipe kitu ili aachiliwe fedha zake. Ukipokea ujumbe unaosema umeshinda maelfu ya dola na unatakiwa kutuma "ada ya usindikaji" kwa simu, huo ni wizi, hata kama barua ina nembo ya wakfu unaojulikana. Ingia mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya wakfu, chukua anwani iliyopo hapo, na uwaulize. Niliwahi kumkuta kijana aliyeuza simu yake kulipa ada ya namna hiyo, na baada ya hapo hakuomba tena ruzuku yoyote kwa miaka miwili.

## Hatua ya 9: Kuifikisha kazi ukutani

Wakfu husaidia maonyesho kwa njia tofauti. Baadhi huandaa yenyewe, kama Rele Arts Foundation ya Lagos inavyochagua wasanii vijana wa Nigeria na kuwaonyesha pamoja katika mpango wake wa Young Contemporaries. Wengine hulipia gharama, nawe unatafuta ukumbi. Kama ni wewe wa kutafuta, anza kuzungumza na ukumbi kabla hata ya kutuma ombi, kwa sababu barua ya ukumbi inayosema umekubaliwa kwa kipindi fulani huongeza nguvu ya ombi kuliko aya yoyote. Mbali na kumbi za wasanii, Goethe-Institut na Alliance Française katika Dar es Salaam na Nairobi huonyesha kazi za wasanii wa eneo, lakini ratiba zao hujaa miezi mingi mapema.

Kubalianeni kwa maandishi juu ya mambo haya: tarehe za kupanga na kubomoa, anayelipa usafiri, anayewajibika kazi ikiharibika, kamisheni ya ukumbi, siku ambayo msanii atalipwa baada ya mauzo, na siku ya kurudishiwa kazi zisizouzwa. Galari za biashara mara nyingi huchukua kati ya asilimia 30 na 50 ya bei ya kazi inayouzwa. Si dhuluma ikiwa ukumbi unafanya kazi ya kuwaleta wanunuzi, lakini lazima ujue kabla ya kupanga bei, la sivyo utauza mchoro kwa furaha kisha ugundue kwamba hata gharama ya rangi haikurudi.

Ikiwa kanvasi zinasafiri mbali na huwezi kuzipeleka zikiwa kwenye fremu, zivingirishe kwenye bomba pana, upande wa rangi ukiwa nje. Watu wengi huvingirisha rangi ndani wakidhani wanailinda, lakini ikikunjwa kwa ndani rangi hubanana, na zikifunguliwa nyufa na mikunjo huonekana. Rangi ya mafuta iwe imekauka kabisa, na weka karatasi laini isiyo na asidi kati ya tabaka.

Ukumbini, pima sakafu hadi katikati ya mchoro. Sentimita 145 hadi 150 ndicho kimo kinachomfaa mtazamaji aliyesimama, na vituo vya michoro yote vikiwa kwenye mstari mmoja, chumba kinatulia hata kama michoro ni ya ukubwa tofauti. Acha nafasi. Ikiwa ukuta unabeba michoro mitano na unayo saba, mbili zibaki stoo, ingawa najua jinsi inavyouma kuziacha.

Lebo iwe na jina lako, kichwa, mwaka, malighafi, vipimo, na jina la wakfu liandikwe kama mkataba unavyotaka. Fanya majaribio ya taa usiku wa kuamkia ufunguzi. Simama mlangoni, na kama jicho lako linavutwa kwenye balbu badala ya mchoro, taa zinahitaji kugeuzwa.

Siku ya ufunguzi, weka daftari la wageni lenye nafasi ya simu na barua pepe, na umpe mtu mmoja kazi ya kupiga picha za ukumbi ukiwa mtupu na ukiwa na watu. Picha hizo mbili zitaingia katika ripoti, na katika ombi lako lijalo.

## Hatua ya 10: Ripoti

Kusanya risiti tangu siku ya kwanza. Duka kubwa litakupa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Fundi wa fremu na dereva wa bajaji hawatakupa, kwa hiyo chapisha hati ndogo za malipo zenye tarehe, kazi iliyofanyika, kiasi, jina na sahihi, na uwaombe wasaini palepale unapowalipa. Kumtafuta dereva baada ya miezi mitano ni kazi isiyowezekana.

Ripoti yenyewe ifuate mpangilio wa bajeti, mstari kwa mstari: kilichopangwa, kilichotumika, na sababu ya tofauti. Ikiwa mstari mmoja umezidi kwa kiasi kikubwa, usisubiri ripoti ya mwisho ndipo ueleze. Waandikie mapema, kabla ya kutumia, uombe idhini ya kuhamisha fedha kutoka mstari mwingine, kwani wakfu nyingi hukubali zikiombwa kwa wakati. Ukipungukiwa na kazi, kwa mfano umekamilisha kanvasi kumi badala ya 12 kwa sababu mvua za masika ziliingia karakanani, sema hivyo na uweke picha ya ukuta ulioloa.

Ambatanisha picha za kazi, picha za ukumbi, idadi ya wageni kwa mujibu wa daftari, kazi zilizouzwa, na nakala ya katalogi. Itume kabla ya tarehe, kisha siku hiyohiyo rudi kwenye daftari lako la kazi na ujaze kanvasi mpya, kila moja na vipimo vyake na mahali ilipo.